Uzito wa Tusi: Mfano wa Makongeni, Thika

Wanaisimu wetu hupenda kuchunguza methali na vitendawili, lakini matusi huyapita kando kana kwamba kuyataja ni kuyatenda. Haya hiyo yafahamika. Walakini imeacha pengo katika kamusi, na wapatao hasara ni watu wenye kesi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba uzito wa tusi haumo ndani ya neno, bali umo baina ya msemaji na asemwaye, na kwa hiyo hauvuki kwa urahisi kutoka lugha hadi lugha.

Makongeni pafaa kwa uchunguzi wa namna hii. Ni mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi na watu wa matatu. Kigikuyu ndiyo lugha ya wenyeji, nchi ya Wakamba haiko mbali upande wa mashariki, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wote pamoja na wageni.

Tuchukue neno “nyoko”. Zamani lilikuwa neno la ujamaa tu, maana yake mama yako. Baadaye “mama yako” na “mamako” yakashika mahali pake, nalo likabaki katika matusi peke yake, hata leo mtoto mwenye adabu halitamki mbele ya mzazi. Ndugu yake katika Kigikuyu ni “nyũkwa”, ambalo wengine hutamka “nyokwo”. Hilo halikuporomoka hivyo. Mtu aweza kumwuliza kijana kwa adabu kamili kama nyũkwa yu mzima. Lakini likitupwa peke yake kwa ukali, bila kitenzi, ni tusi la kupigania. Sentensi ndiyo ilindayo heshima yake. Basi mtu wa pwani alisikiapo stendini hushtuka pasipo na kosa.

Kadhalika “kĩhĩĩ”, yaani mvulana ambaye hajatahiriwa. Kwa mtoto ni maelezo ya umri. Kwa mtu mzima ni kumvua utu uzima wake mbele ya watu. Na likielekezwa kwa mtu wa kabila lisilotahiri, huwa silaha ya siasa. Ndiyo maana mnamo Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki, pamoja na “madoadoa”, neno ambalo kwa asili halina uchafu wowote.

Kiswahili nacho chaweza kudhalilisha bila neno chafu, kwa kutumia ngeli. “Mpumbavu yule” angali mtu. “Pumbavu lile” ameondolewa miongoni mwa watu. Hata “mzee”, neno la heshima, likifanywa “zee hili” hugeuka dharau. (Walimu wa sarufi hufundisha ukubwa na udogo, lakini jambo hili hawalifundishi, ingawa wanafunzi wao walijua kabla ya kuja shuleni.) Rais Mwai Kibaki, aliyetawala tangu 2002 hadi 2013, alijulikana kwa kutamka “pumbavu” hadharani, na wengi wakacheka. Kijana angemwambia mzee wake neno hilo hilo, asingechekewa.

Utani haunishughulishi sana hapa. Yatosha kusema kwamba watu wa rika moja huvumiliana maneno ambayo mbele ya mkwe yangeleta faini.

Ugumu hutokea neno lifikapo mahakamani. Kifungu cha 94 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani atumiaye hadharani maneno ya matusi yanayoelekea kuvunja amani. Mlalamikaji husema kwa Kigikuyu, mkalimani hufasiri, karani huandika. Ikiandikwa “mama yako”, tusi limetoweka. Ikiandikwa “mvulana”, vivyo hivyo. Mkalimani akiongeza makali kwa hiari yake, mshtakiwa aweza kudai kwamba neno hilo hakulisema, na atakuwa na haki.

Kwa maoni yangu, alama ya “tusi” pembeni mwa neno haitoshi. Chini ya “nyũkwa” ingeandikwa hivi: mama yako, husemwa na yeyote katika sentensi kamili, likisemwa peke yake kwa ukali ni tusi kwa kila asikiaye. Na chini ya “kĩhĩĩ”: mvulana asiyetahiriwa, halisemwi kwa mwanamume mzima.