Simu na Msafiri wa Peke Yake (3): Kuonekana si Kulindwa

Tangu Januari 27, 2024, wanawake walipojaa barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, habari za aina hiyo hazijakauka katika kurasa za mbele. Kila zinaporudi, ushauri uleule huzungushwa katika makundi ya familia na ya chama: binti anayesafiri peke yake apakue programu ya usalama, awashe lokesheni, abonyeze kitufe. Makala mbili zilizotangulia zilieleza jinsi simu inavyotambua iliko na jinsi ya kumtumia ndugu lokesheni ya moja kwa moja, kwa hiyo sitarudi huko. Leo nashughulikia swali ambalo ushauri huo huliruka. Nukta ya msafiri ikishatokea kwenye simu ya mtu mwingine, mtu huyo ni nani, na atafanya nini? Nashikilia kwamba programu haimlindi msafiri kwa kuonyesha alipo. Humlinda pale tu ambapo anayemwona amechaguliwa naye, anamngoja, na amekubali kuinuka mambo yakiharibika. Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ina historia ndefu ya watu kuonekana bila kulindwa, na ni historia hiyo inayonizuia kuridhika na kitufe.

Tuanze na kipande, kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Kwa ufundi wa wakati ule, huo ulikuwa mtambo kamili wa kumfuatilia binadamu. Mfanyakazi akitoroka shamba la mlowezi, kumbukumbu zake zilikuwa ofisini, na askari yeyote aliweza kumsimamisha njiani na kujua alitakiwa kuwa wapi siku hiyo. Ila katika karatasi ile yote hapakuwa na mahali pa kuuliza kama mwenyewe amefika salama. Aliyevamiwa usiku akirudi Pumwani hakusaidika hata kidogo kwa sababu serikali ilikuwa na alama za vidole vyake. Mtambo ulijengwa kwa ajili ya mwajiri, nao ulimtumikia mwajiri kwa uaminifu mkubwa.

Aliyesimama mbele kukipinga kipande, Harry Thuku, alikuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio. Mtu aliyekaa kwenye mitambo ambamo maneno ya wakubwa yalipitia ndiye aliyeongoza malalamiko juu ya kipande, kodi na kazi za kushurutishwa, zikiwemo zile walizotumikishwa wanawake na wasichana. Alikamatwa Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikozuiliwa, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatia hima wanaume waliokuwa wakisitasita. Polisi walifyatua risasi, yeye akawa miongoni mwa waliouawa, na kwa hesabu ya serikali yenyewe walizidi 20. Wanawake hawakubebeshwa kipande, lakini walielewa vizuri kuliko wengi kwamba kuandikwa na kutunzwa ni vitu viwili. Sielewi ni vipi jiji hili linaweza kumwambia binti leo kwamba akishaonekana kwenye ramani amepona, bila kwanza kumkumbuka Nyanjiru.

Kipande kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na hata kilipoondoka tabia yake ilibaki. Aprili 24, 1954 Waingereza walianza msako waliouita Operesheni Anvil. Mitaa ya Waafrika, Bahati na mingineyo, ilizingirwa alfajiri, watu wakapangwa foleni huku vibaraka waliofunikwa nyuso wakiwanyooshea vidole, na maelfu wakapakiwa malori kwenda kizuizini. Mtaa wa Donholm wa leo haukuwapo bado, na Jogoo Road tunayopanda matatu kila siku iliitwa Doonholm Road. Waliokulia mitaa hiyo walirithi somo moja: anayetaka kujua uliko si lazima awe anakutakia heri. Ndiyo maana nawasikiliza kwa makini wazee wa Eastlands wanaposita kuwasha lokesheni. Wengine huita kusita huko ushamba wa teknolojia. Kwangu ni kumbukumbu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ukoloni umekwisha na polisi wa sasa ni wetu. Ni kweli, na mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera za barabarani Nairobi na Mombasa. Kamera hizo zina manufaa, hasa katika uchunguzi baada ya tukio. Lakini kamera haikungoji. Haijui kwamba ulipaswa kuwa nyumbani saa tatu usiku na sasa ni saa nne kasoro. Isitoshe, ziko kwenye barabara kuu na mizunguko, ilhali hatari ya msafiri wa Donholm mara nyingi huanza pale anaposhuka matatu Outering Road na kuingia ndani, kwenye kile kipande cha mwisho kati ya steji na geti la kotì, yaani kundi la nyumba zenye geti moja, penye taa zilizoungua na bodaboda inayopita taratibu karibu na mkono ulioshika simu.

Tunayo pia mifano ya kutia moyo, na yote miwili ilizaliwa hapahapa. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za raia kwa ujumbe mfupi na kwa intaneti na kuzipachika kwenye ramani. Miaka miwili baadaye lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu jijini kote wakiwa na simu zenye GPS, wakanakili njia na kila steji. Ramani yao, Digital Matatus, ilitolewa mwaka 2014, na mwaka 2015 njia hizo zikaingia katika Google Maps. Lililonivutia zaidi ni kwamba steji nyingi hazikuwa na alama yoyote rasmi, na majina yake yalibidi yachukuliwe kwa makanga na abiria. Ujuzi wa mahali ulitoka kwa wanaopita mahali hapo. Huu ndio msingi ninaoutaka kwa usalama wa msafiri pia. Nukta kwenye simu humwambia askari wa mbali kitu kidogo sana, na katika mtaa wa Pipeline, penye maghorofa yaliyobanana, inaweza hata kuangukia ploti ya jirani wala isionyeshe ghorofa. Maneno "nimeshuka steji, napitia nyuma ya kanisa kuelekea Phase 8" humwambia jirani kila kitu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo huletwa na wanawake wenyewe: kwa nini mzigo wa usalama abebeshwe anayewindwa? Nakubaliana nalo kabisa. Wanawake walipovuliwa nguo hadharani katika steji na ndani ya matatu mwaka 2014, hawakujibu kwa kupakua kitu. Waliandamana Novemba, na Desemba mwaka huohuo sheria ikarekebishwa, kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa na kifungo kisichopungua miaka 10. Shirika la Flone Initiative nalo limekuwa likiwafunza madereva na makondakta namna ya kumheshimu abiria wa kike. Hiyo ndiyo kazi ya mizizi, na serikali ya kaunti isiyobadilisha balbu ya mtaani haina haki ya kumhubiria binti juu ya programu. Hata hivyo anayetoka zamu leo usiku atalazimika kufika nyumbani leo usiku, na kumpa njia ya kungojwa hakuipunguzii serikali deni lake.

La tatu ni kwamba lokesheni huwa mnyororo mikononi mwa mume mwenye wivu au mchumba mkorofi. Hapa kipande kinatufundisha moja kwa moja. Ubaya wake ulikuwa kwamba hukukichagua, hukujua nani anakisoma, na hakikuwa na mwisho. Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, iliyoanza mwaka 2017, hukupa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hujizima, nawe unaweza kuikatisha kabla. Itumie kwa muda wa safari tu. Anayedai uiwashe mchana kutwa anatafuta mamlaka juu yako, hata akiita dai hilo mapenzi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 isitufanye tudhani kwamba mahakama itaingia sebuleni kumkatalia kwa niaba yako.

Nafasi iliyobaki ni ndogo, basi niseme la kufanya kwa mkazi wa Donholm, Savannah au Greenspan. Chagua mtu mmoja anayelala karibu nawe. Kaka aliye Dubai atakuona vizuri lakini hawezi kufungua geti. Kabla ya kupanda, mtumie namba ya gari na jina la sacco lililoandikwa ubavuni, kwa ujumbe mfupi wa kawaida, kwa sababu bando likiisha nukta hubaki ilipokuwa na anayetazama huenda akadhani umesimama kwenye foleni ya magari. Mpatane saa ya kufika, na mpatane hatua: saa hiyo ikipita kwa dakika 15 anapiga simu, usiposhika anampigia bawabu wa kotì, ambaye namba yake anayo tayari, bawabu akisema hujaingia, wanatoka wawili kuelekea steji huku wakiwapigia polisi 999 au 112. Ukishashuka, simu ikae mfukoni, kwani kazi yake ya kuonyesha njia haihitaji uishike mkononi. Vyama vya wakazi navyo viandike jina la kotì kwa rangi inayosomeka usiku kwenye kila geti, na kila bawabu wa zamu ya usiku awe na orodha ya majirani wawili walio tayari kuamshwa. Makala ijayo itazungumzia ambulensi, na kwa nini dereva wake hupotea ndani ya mitaa hii hata akiwa na ramani.