Vazi la Faiba kwa Baiskeli ya Uha

Siku ya soko, barabara inayoteremka kutoka Heru Juu kwenda Kasulu mjini hujaa migomba inayotembea. Ukiwa mbali huoni baiskeli. Unaona kichaka cha kijani kikishuka chenyewe, na kikikaribia ndipo unagundua miguu ya mtu, nyayo zikiburuta ardhini kuisaidia breki. Mikungu imekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu, mmoja huku, mwingine kule, na wa tatu umelala juu ya keria. Jioni baiskeli hiyohiyo hurudi mlimani, na safari hii mwenyewe hayuko juu yake. Anaisukuma.

Baiskeli hizo hutoka viwandani China au India zikiwa na umbo moja. Zikifika Uha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hazikai nalo muda mrefu. Keria ya kiwandani hung'olewa, fundi akachomelea nyingine ya nondo. Stendi ya mguu mmoja huondolewa, ikawekwa ya miguu miwili inayoweza kusimamisha gunia. Fremu huongezewa bomba, spoki hubadilishwa zikawekwa nene zaidi. Kwa hiyo mtu akizungumzia kuiundia baiskeli bodi yake ya pekee, mafundi wa Kasulu na Kibondo hawasikii jambo la ajabu. Kigeni kwao ni malighafi tu: povu gumu na nyuzi za kioo, ile tunayoiita faiba.

Majirani walishalijibu swali la kubeba mzigo mlimani kwa namna yao. Goma, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, kuna chukudu: gari la magurudumu mawili lililochongwa kwa mbao tupu, magurudumu yakiwa yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, likibeba mamia ya kilo za viazi, kabichi au mkaa. Mwaka 2009 mji huo ulilisimamishia sanamu. Burundi, kwenye barabara inayoshuka kutoka milimani hadi Bujumbura, waendesha baiskeli za ndizi wamezoeleka kwa kujishikiza nyuma ya malori wakati wa kupanda, mchezo uliokwishaua watu. Vyote viwili vimezaliwa na shida moja, mzigo mzito na mlima mrefu.

Faiba yenyewe ilifika kwenye baiskeli kwa njia nyingine kabisa, ya watu waliokuwa wakiukimbiza upepo. Tarehe 7 Julai 1933, Mfaransa Francis Faure alikwenda kilomita 45.055 kwa saa moja akiwa amejilaza juu ya baiskeli iliyoundwa na Charles Mochet, akaivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imedumu tangu 1914. Hakuwa bingwa mkubwa wa zama zake, na labda hilo ndilo lililowauma wengi. Mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mchezo huo kikazifungia baiskeli za kulala nje ya rekodi zake. Faure hakukoma: mwaka 1939, baiskeli yake ikiwa imefunikwa bodi ya kupasua upepo, alivuka kilomita 50 kwa saa.

Baadaye ikaja faiba. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Burt Rutan aliwaonyesha watu wa kawaida namna ya kujijengea ndege gerejini: unachonga povu, unalivika kitambaa cha nyuzi za kioo, unapaka rezini, gundi majimaji inayoganda. Ndege yake ya VariEze iliruka mara ya kwanza mwaka 1975. Waunda baiskeli nao wakaidaka njia hiyo. Huko Denmark, Carl Georg Rasmussen akatengeneza Leitra, baiskeli ya magurudumu matatu yenye bodi ya faiba, kwa ajili ya mvua na baridi ya kwao. Na mwaka 2016, kwenye barabara iliyonyooka ya jangwa la Nevada, Marekani, Mkanada Todd Reichert alikimbia kilomita 144.17 kwa saa ndani ya ganda linalofanana na yai, bila injini, kwa miguu yake.

Je, ganda la namna hiyo lingefaa Kasulu? Hesabu inakataa.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kukanyaga kwa nguvu ya wati 75 hadi 100 kwa saa nzima bila kuchoka vibaya. Kwenye tambarare, akienda kilomita 30 kwa saa, upepo peke yake unamdai takriban wati 180, na hapo ganda linamlipa. Mlimani mambo hugeuka. Chukua mtu wa kilo 65 juu ya baiskeli ya kilo 22, kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, akipanda kwa kilomita 8 kwa saa. Upepo unamdai wati 3 au 4, sawa na bure, ilhali mlima unamdai kama 114. Mwongezee mikungu ya kilo 40 na deni linafika 166. Ndiyo sababu anashuka na kusukuma, wala si uvivu. Kila kilo 10 anazopakia ni wati 13 nyingine.

Magari ya pedali ya Ulaya yenye ganda zima huwa na uzito wa kilo 25 hadi 35, hata zaidi. Tena hukaa chini sana, kimo cha nyonga. Weka kitu cha namna hiyo kwenye barabara ya vumbi jekundu, nyuma ya lori la magogo: dereva hakuoni, nawe huoni kitu. Ndani ya ganda, jua la saa saba litakupika.

Kinachofaa huku ni kipande tu cha vazi hilo. Sanduku.

Mwenye kupeleka mikate Makere alfajiri, mwenye asali ya Kibondo kwenye ndoo, mwenye dagaa waliopanda kutoka ziwani, wote wanasumbuliwa na vumbi, mvua na jua kuliko upepo. Wengi hutumia boksi la karatasi ngumu lililofungwa nailoni, au sanduku la mbao. Sanduku la sentimita 60 kwa 45 kwa 40 lina eneo la mita za mraba 1.4 hivi. Likitengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 12, linakaribia kilo 10. Kwa bati la chuma la milimita moja, karibu 11. Kwa faiba ya tabaka mbili za mkeka wa nyuzi wa gramu 450 kwa mita ya mraba, kilo 4 na kidogo. Tofauti ya kilo 6 ni mikate kadhaa, au ni pumzi ya mlima mmoja.

Kazi inaanza na povu, lile jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji na ambalo kwa kawaida hutupwa. Linakatwa kwa kisu kikali, vipande vinaunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao kuwa kalibu yenye umbo la sanduku. Gundi ya viatu haifai, inalila povu. Na hapa ndipo wanaoanza huangukia: rezini ya bei nafuu, ya poliesta, nayo inalila povu hilo. Unapaka ukitazama, na kalibu yako inazama kama sukari kwenye chai. Kinga yake ni rahisi. Povu lote linafunikwa kwa seloteipu pana ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, bila kuacha mwanya. Faida yake ya pili ni kwamba rezini haishiki juu ya seloteipu, kwa hiyo sanduku litachomoka likikauka.

Litachomoka, mradi umbo linaruhusu. Kalibu iwe pana kidogo mdomoni kuliko kitakoni, kama sufuria. Pembe zake zipigwe msasa ziwe mviringo, maana mkeka wa nyuzi haupendi kukunjwa kwa ukali. Hujiinua, hewa ikabaki chini yake, na hapo ndipo pataanza ufa. Mshonaji wa nguo angelielewa jambo hili haraka kuliko mchomeleaji. Mkeka hukatwa kwa mkasi kama kitambaa, vipande vikipandiana vidole viwili hivi.

Rezini huchanganywa kidogo kidogo, nusu kilo kwa mara moja. Hadina, yaani kigandishi, ni asilimia 1 hadi 2: kwa nusu kilo ni gramu 5 hadi 10, na bomba la sindano linapima vizuri. Asubuhi ya baridi ya Kibondo mwezi Julai inataka hadina nyingi kidogo. Mchana wa jua unataka chache. Ukizidisha, kopo linachemka mkononi na kutoa moshi. Ukipunguza mno, unabaki na kitu kinachonata kama ulimbo hata kesho kutwa. Msimu wa mvua kazi hii haina baraka, kwa sababu unyevu unaiharibu rezini kabla haijashika.

Brashi haipaki kama ya rangi, inagongagonga. Mkeka mweupe ukinywa rezini unageuka kuwa kama kioo, na kila doa jeupe lililobaki ni hewa inayotakiwa kufukuzwa. Baada ya dakika ishirini hivi mchanganyiko huwa kama ngozi mbichi. Huo ndio wakati wa kusawazisha mdomo wa sanduku kwa kisu cha kawaida. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa mbili, utahitaji msumeno wa chuma.

Hatari zake si za kupuuza. Hadina ikirukia jicho inaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani na glavu ni lazima. Harufu ya rezini inalevya na mvuke wake unashika moto. Kazi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Vumbi la faiba wakati wa kupiga msasa huwasha ngozi na kuingia kifuani, barakoa ivaliwe. Na hadina isichanganywe kamwe moja kwa moja na kichochezi cha kobalti, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Mara nyingi rezini huuzwa ikiwa imeshatiwa kichochezi, na fundi hana sababu ya kukigusa.

Ufundi huu si mgeni Tanzania. Boti za faiba zipo Ukanda wa Pwani na kwenye maziwa, na Januari 2024 serikali iligawa boti za kisasa kwa wavuvi jijini Mwanza. Huko Moshi, chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC kinafundisha mafundi wa viungo bandia, ambao nao hupaka rezini juu ya kalibu kupata soketi ya mguu inayomkaa mgonjwa mmoja tu. Vifaa vinapatikana kwenye maduka ya wanaoshughulika na boti na bodi za magari. Nauli ya kuvifikisha Uha ndiyo inayouma.

Sanduku likishachomoka kwenye kalibu, halifungwi kwenye keria kwa bolti tupu. Faiba hupasuka pale nguvu zote zinapokusanyika mahali padogo, kwa hiyo chini ya kila bolti huwekwa kipande kipana cha bati, na kati ya sanduku na nondo vipande vya tairi kuukuu kupunguza mtikisiko. Tundu dogo sakafuni hutoa maji. Juu hupakwa rangi, kwani jua huila rezini isiyofunikwa. Likianguka likapata ufa, panapigwa msasa, kinabandikwa kiraka cha mkeka, na jioni linarudi barabarani, jambo ambalo plaiwudi iliyovimba kwa mvua haikubali.

Kabla ya mzigo wa kwanza, sanduku huanikwa juani wiki nzima likiwa wazi, ndani likaoshwa kwa sabuni mara mbili tatu, na hata hivyo mikate huwekwa ndani ya mfuko au chombo chake. Harufu ya rezini hukaa. Mwenye haraka atawauzia watu wa Makere mikate inayonuka boti, na watu wa Makere watamwambia palepale, mbele ya wateja wengine.