Kusafisha Mirija ya Utomvu wa Mepo Baada ya Msimu

Mgema wa pwani atundikapo kibuyu chake kwenye karara la mnazi, hana haja ya kutia hamira. Vijidudu vilivyosalia chomboni tangu jana, pamoja na vile vya hewani, huanza kazi mara moja, na baada ya saa chache maji matamu huwa yamegeuka tembo. Mkulima wa Vermont, nchini Marekani, au wa Quebec, nchini Kanada, naye hugema mti. Lakini kwake yeye vijidudu vya namna hiyo ni hasara tupu.

Mti wenyewe ni mepo, ambao jina lake la kitaalamu ni Acer saccharum. Mwishoni mwa majira ya baridi, usiku maji yanapoganda na mchana yanapoyeyuka, utomvu husukumwa ndani ya shina. Mkulima hutoboa kwa keekee shimo dogo lenye kina cha sentimeta 4 au 5, kisha huchomeka humo mlizamu, yaani kijibomba cha kupitishia utomvu. Sukari iliyomo ni kama asilimia 2 tu, hivyo yahitajika takriban lita 40 za utomvu kuchemshwa ili ipatikane lita 1 ya shira. Zamani utomvu ulikingwa kwa ndoo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mirija ya plastiki ilianza kushika nafasi ya ndoo: hutoka mti hadi mti, huteremka na mwinuko wa ardhi, huungana na bomba kubwa, na mara nyingi mwishoni huwapo pampu ya kuondoa hewa ili kuongeza mvuto.

Mrija huo umepunguza kazi ya kubeba ndoo, lakini umeleta tatizo ambalo mwanafunzi wa hisabati aweza kulikadiria mwenyewe. Kipenyo cha ndani cha mrija wa kawaida ni kama milimeta 8. Mita 100 za mrija huo hujaa kwa lita 5 tu, ilhali eneo la ukuta wake wa ndani ni mita za mraba 2.5. Ukilinganisha na ndoo yenye kipenyo na kina cha sentimeta 25, kila lita ya utomvu mrijani hugusa eneo kubwa mara 25 zaidi. Katika ukuta huo bakteria na hamira hujishikiza na kujifunika kwa utando wenye utelezi, ambao maji yapitayo polepole hayawezi kuubandua. Hali huwa mbaya zaidi msimu unapokwisha, kwani ndipo siku huanza kuwa na joto. Vijidudu hupasua sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na shira ya utomvu huo huwa nyeusi zaidi inapochemshwa.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi hutokea mtini. Shimo lililotobolewa ni jeraha katika kiumbe hai. Vijidudu viingiapo humo, mti hujikinga kwa kuziba vishipa vyake vya kupitishia maji, na utomvu hukoma kutoka hata kama hali ya hewa ingali nzuri. Vijidudu hivyo hufikaje? Mara nyingi hutoka mrijani. Pampu inaposimama, au baridi inaporudi usiku, mgandamizo ndani ya mti hushuka na mti hufyonza tena sehemu ya utomvu uliokwisha toka, pamoja na uchafu wa mwaka jana. Kutoboa shimo la pili si dawa, kwani mbao iliyo juu na chini ya kila shimo hufa na haipitishi maji tena kamwe.

Kwa sababu hiyo usafi hufanywa mara tu milizamu inapong'olewa, kabla utando haujakauka. Wengi huacha pampu ikivuta huku mlizamu mmoja mmoja ukichovywa katika maji safi, kuanzia miti iliyo mbali. Maji peke yake huondoa sukari na sehemu ya utando, lakini hayaui vijidudu vyote. Wengine hutumia haipokloriti ya sodiamu, ile iliyomo katika dawa za kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji. Dawa hii huua vizuri ikipewa muda wa kutosha, ila mwisho wake hugeuka kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kawaida. Hapo huingia adui asiyetarajiwa: kindi. Mimea ya msituni ina sodiamu kidogo, na kindi anayeonja chumvi hutafuna mrija kwa bidii ya kustaajabisha. Tundu moja la jino huingiza hewa na kudhoofisha mvuto wa mstari mzima. Kusuuza kwa maji mengi hupunguza chumvi, wala hakuimalizi kabisa.

Kuhusu kuhifadhi, mirija mingi huachwa ikining'inia msituni mwaka mzima, kwani kuishusha na kuitundika upya ni kazi kubwa. Lazima ncha za chini ziachwe wazi ili maji yachuruzike yote, na milizamu izibwe ili wadudu wasijenge humo. Anayeishusha huifunga kwa mizunguko, huiandika alama ya mahali pake, na kuiweka pakavu pasipo na jua, kwa maana mionzi ya urujuanimno hufanya plastiki kuwa ngumu na kupasuka.

Wakulima wengi sasa huweka milizamu mipya kila mwaka, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na jeraha na bei yake ni ndogo. Katika Quebec hutumika pia alkoholi ya isopropili, ambayo haiachi chumvi. Huingizwa mirijani baada ya msimu na kuachwa humo; na msimu mpya ufikapo, utomvu wa kwanza huoshea mirija na kumwagwa chini.