Kaske isiyopiga kelele: namna ya kuichagua na kulinda masikio barabarani

Katika makanisa yetu ya mashariki pikipiki imekuwa chombo cha utumishi. Mchungaji anaitumia kutembelea chapeli za mbali, mwinjilisti anapanda nyuma ya motari kwenda kwenye maziko, mama wa huduma ya wanawake anarudi nayo jioni kutoka semina. Kuhusu ajali tumekwisha kusema mengi. Lakini kuna hasara nyingine isiyotoa damu, na kwa sababu haitoi damu hatuizungumzii: kelele ya upepo ndani ya kofia ya pikipiki, ile tunayoiita kaske, na masikio yanayodhoofika polepole.

Tena kelele hiyo ni moja ya sababu zinazotolewa na wale wanaotundika kaske kwenye usukani. Wanasema: “Nikiivaa sisikii kitu, inavuma tu.” Tusifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Dawa ya kaske inayovuma ni kuchagua inayokufaa na kuivaa vizuri. Hilo linawezekana hata kwa mfuko mdogo.

Kelele inatoka wapi?

Wengi wanadhani ni injini. Mjini ni kweli, kwa sababu mwendo ni mdogo, mawe ni mengi na honi hazipumziki. Lakini pikipiki ikishapita kilometa 60 kwa saa, kwenye lami au kwenye udongo ulionyooka, upepo unaanza kuishinda injini. Hewa inagonga kaske, inajikunja kwenye kila ukingo na kila tundu, kisha inatetemeka. Mtetemo huo ndio mvumo tunaousikia.

Mahali pabaya kuliko pote ni chini ya kidevu na kuzunguka shingo, pale kaske inapoishia. Hapo hewa inaingia moja kwa moja mpaka masikioni. Baada ya hapo kuna kingo za kioo kisichofunga vizuri, matundu ya kupitishia hewa, na ncha ya mkanda inayopigapiga. Kwa hiyo watu wawili wenye kaske za aina moja, kwenye pikipiki za aina moja, wanaweza kusikia kelele tofauti kabisa, kwa sababu vichwa, shingo na urefu wao si sawa.

Inaharibu nini?

Watafiti wa Uingereza waliopima ndani ya kaske miaka ya 1990 walikuta takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, na takriban 110 kwa mwendo wa kilometa 160. Pikipiki zetu za kazi hazifiki huko juu, lakini 60, 70 na 80 tunazijua. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unagawanywa kwa mbili: kwenye desibeli 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2, kwenye 94 ni saa 1, na kwenye 100 ni dakika 15 tu.

Sasa tuhesabu siku ya mtumishi anayekwenda saa mbili na kurudi saa mbili, kisha afanye hivyo kila juma kwa miaka kumi na tano. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa inavivunja, na kwa binadamu haviwezi kuota tena. Hakuna sindano wala upasuaji wa kuvirudisha.

Tena havifi vyote kwa pamoja. Vinavyotangulia ni vile vya sauti nyembamba. Mtu anaendelea kusikia ngoma, mlango na gari, lakini herufi kama s, f, t na k zinaanza kumponyoka. Anasikia kwamba unasema bila kupata unachosema. Sauti za watoto na za akina mama zinamtoka mapema zaidi. Wengine wanabaki na mlio masikioni usiokoma usiku.

Kwa mtumishi jambo hili ni zito. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kusikiliza. Mjane anayeeleza matatizo ya shamba lake hapazi sauti. Msichana mwenye siri nzito anaisema kwa kunong'ona, na mara moja tu. Mchungaji akimwambia “rudia, kwa sauti”, inawezekana hatarudia kamwe. Tukipoteza masikio barabarani, tunapoteza chombo tulichokipanda pikipiki kwa ajili yake.

Kuchagua kaske

Kwanza usalama, halafu utulivu. Tafuta etiketi iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoithibitisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E6 Ubelgiji. Chini yake kuna namba ndefu. Ikianza na 05 au 06, inaonyesha toleo la kanuni za Umoja wa Mataifa za upimaji wa kaske. Herufi P inamaanisha kwamba sehemu ya kidevu inalinda, na J inamaanisha kwamba kaske iko wazi mbele. Etiketi inaweza kuigizwa, basi angalia pia ndani: chini ya kitambaa lazima pawe na povu gumu, nene, kama lile linalofungia televisheni ndani ya katoni. Kofia ya mafundi wa ujenzi si kaske ya pikipiki, hata ikiwa na mkanda.

Etiketi hiyo haikuambii kiasi cha kelele. Hilo utalipima mwenyewe, na jambo la kwanza ni kipimo cha kichwa. Chukua utepe wa mshonaji, uzungushe juu kidogo ya nyusi na masikio, pale kichwa kinapokuwa kinene zaidi. Mara nyingi sentimeta 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, 61 na 62 ni XL, lakini kila kiwanda kina vipimo vyake. Usinunue kubwa ili iwafae watu wote wa nyumbani. Kaske kubwa inapiga kelele kwa sababu hewa inapita kati ya shavu na sponji, na siku ya ajali inaweza kutoka kichwani.

Ivae dukani kwa dakika 10 au 15. Ukitikisa kichwa, ngozi ya mashavu ifuatane na sponji. Funga mkanda, kisha umwombe mwenzako ajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, iache. Ikibana paji la uso mpaka kuuma, iache pia. Kaske mpya iwe imebana mashavu kidogo, maana sponji italegea kwa matumizi.

Halafu angalia kioo. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga kioo juu yake, uvute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, hewa nayo itapita hapo. Rudia pande zote. Chagua kaske yenye ganda laini bila mapambo yaliyochomoza, na yenye sponji ya kutosha chini ya masikio na kuzunguka shingo. Kwa kawaida kaske iliyofunga uso wote ni tulivu kuliko ile ya kidevu kinachoinuliwa, na hiyo nayo ni tulivu kuliko ile iliyo wazi. Tunajua wamotari wengi wanapenda iliyo wazi kwa ajili ya joto na kuzungumza na wateja. Kwa safari ndefu, iliyofunga inalinda kidevu na masikio pamoja.

Kuhusu kaske za mitumba, tahadhari: iliyokwisha kupigwa katika ajali haifai tena hata kama nje haionyeshi ufa, na ni vigumu kujua ilikotoka.

Mkiwa barabarani

Mambo mengine hayana gharama. Funga kioo mpaka mwisho, maana kioo kilichoachwa nusu kinaleta mvumo pamoja na vumbi. Ingiza ncha ya mkanda mahali pake isipigepige. Funga kola ya koti. Zungusha kitambaa shingoni ili kizibe nafasi iliyo chini ya kidevu, lakini ncha zake ziingie ndani ya koti; ncha inayoning'inia inaweza kushikwa na gurudumu au mnyororo. Akina mama wanaokaa nyuma wakumbuke hilo hata kwa kitenge na kilemba.

Kama pikipiki ina kioo cha upepo mbele, kichunguze. Kikiwa cha urefu usiofaa, kinarusha hewa iliyovurugika moja kwa moja kwenye kaske. Barabara ikiwa tupu na imenyooka, inua kichwa kidogo, kisha kiinamishe kidogo. Ukisikia mvumo unapungua sana, ujue kioo kinahitaji kupandishwa, kushushwa au kuondolewa.

Punguza mwendo. Kwa vile vipimo tulivyotaja, kushuka kutoka kilometa 80 hadi 60 kwa saa kunaondoa kama desibeli 5 au 6, yaani muda ambao sikio linaweza kuvumilia unaongezeka mara tatu au nne. Usikubali pia fundi aondoe kizuia sauti ndani ya bomba la moshi ili pikipiki “iwe na nguvu”. Unaiongezea kelele tu, na kijiji kizima kinateseka pamoja nawe.

Vizibo vya masikio

Hata kaske nzuri haiondoi kelele yote. Kwa safari ndefu, msaada mkubwa kuliko wote ni vizibo vya sponji vya kuweka masikioni, ambavyo bei yake ni ndogo ukilinganisha na kaske. Osha mikono, viringisha kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha ukishike kwa nusu dakika mpaka kitanuke. Pamba na karatasi ya chooni hazifanyi kazi hiyo.

Wengine wanaogopa kwamba hawatasikia honi. Kizibo kinapunguza mvumo wa upepo na honi pamoja, na honi ya gari lililo karibu bado inasikika. Mkifika sokoni au mjini, vitoeni mkipenda. Vifaa vya muziki vya masikioni ni jambo lingine kabisa: vinaongeza kelele juu ya kelele na kuondoa akili barabarani. Mwenye sikio linalouma au linalotoa usaha asiweke kitu humo kabla ya kumwona muuguzi.

Kazi ya parokia

Parokia nyingi zinapochangia pikipiki ya mchungaji, hesabu inaishia kwenye pikipiki na mafuta. Tunaomba kamati za fedha ziandike pia kaske mbili, moja kwa kipimo cha dereva na nyingine kwa abiria, pamoja na pakiti ya vizibo. Mtumishi mpya akija, apimwe kichwa upya. Asirithi kaske ya aliyemtangulia kana kwamba ni kiti cha ofisi. Vijana wa kanisa walio wamotari waelezwe mambo haya baada ya ibada, maana wao wanakaa kwenye upepo kuliko sisi sote. Na mtumishi anayeanza kuomba watu warudie maneno, au anayesikia mlio usiku, aende hospitali apimwe masikio mapema, bila aibu.

Bwana awalinde njiani, na mfike mkiwa bado mnasikia vizuri wale mnaokwenda kuwatembelea.