Kambale Huvuta Hewa, Lakini Maji Machafu Humuua

Katika Manispaa ya Morogoro na vijiji vilivyo chini ya Milima ya Uluguru, kambale ni miongoni mwa samaki wanaofaa kufugwa nyumbani, katika tangi au bwawa dogo. Juu ya matamvua yake kuna kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo huishi hata katika maji yenye oksijeni kidogo.

Uwezo huo huweza kumpotosha mfugaji. Mabaki ya chakula na kinyesi huzalisha amonia, sumu inayodhuru matamvua na ngozi, na kuvuta hewa hakumkingi samaki dhidi yake. Kambale akipanda juu mara moja moja, hiyo ni kawaida yake. Lakini wengi wakikaa juu kwa muda mrefu, wakakataa chakula, au sharubu zao zikianza kulika, mfugaji asitishe ulishaji, atoe sehemu ya maji na kujaza mengine safi.

Maji ya bomba yenye klorini yaachwe katika chombo kilicho wazi kwa saa 24 kabla ya kutumika. Maji ya vijito vya Uluguru huwa baridi, ilhali kambale hustawi zaidi katika nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakipoa, chakula kipunguzwe. Aidha, samaki watenganishwe kwa ukubwa, kwani wakubwa huwala wadogo.

Kwa ushauri zaidi, wananchi wawaone maofisa uvuvi wa halmashauri zao au wafike Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Kingolwira, Morogoro.