Mafuta mazuri ‘bila alkoholi’: Je, pahali pake pamewekwa nini?

Ukipita maduka ya mafuta mazuri Mombasa, Malindi au Lamu, utakuta maneno yale yale kwenye chupa nyingi: bila alkoholi. Wengi wetu huyatafuta maneno hayo kabla hata ya kunusa. Kuna anayejali swala yake, na kuna ambaye manukato ya spiriti humwasha ngozi. Mimi pia ni mteja wa mafuta haya na sina nia ya kumharibia mtu biashara. Lakini kuna swali ambalo naona hatuliulizi: alkoholi ikitolewa, pahali pake pamewekwa nini?

Lazima pamewekwa kitu. Uturi halisi, uwe wa waridi, sandali au udi, ni mzito na ni ghali mno. Ukiuzwa kama ulivyo, tola moja tu, takriban gramu 11.7, ingewashinda wanunuzi wengi. Kwa hivyo huzimuliwa. Kimiminika kinachouzimua huitwa kiyeyushi, na katika mafuta yasiyo na spiriti, kinachotumika sana ni dipropilini glikoli. Kwenye lebo na kwenye madumu ya wauzaji wa jumla hufupishwa DPG.

Ukiimwaga DPG kiganjani utaona kimiminika kizito kidogo, kisicho na rangi na karibu kisicho na harufu. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyowavutia watengenezaji manukato, kwani haishindani na waridi wala asumini. Inachanganyika na maji, na spiriti, na mafuta mengi ya harufu. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 na hupaa ukijipulizia tu. DPG huchemka karibu nyuzi 230, kwa hivyo hukaa kwenye ngozi au kanzu na kuiachia harufu kidogo kidogo. Wala haishiki moto upesi kama spiriti. Utaikuta pia kwenye losheni, dawa za kwapa na ubani wa vijiti.

Je, ni salama? Kwa matumizi ya kawaida ya kupaka, ndiyo. Jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi nchini Marekani liliichunguza, na mwaka 1985 likasema ni salama kwa namna inavyotumika. Mtu akiwashwa na mafuta mazuri, mara nyingi mkosaji huwa ni harufu zenyewe, si kiyeyushi.

Hapa niongeze jambo litakalowashangaza baadhi ya wasomaji. Katika kemia, glikoli zote ni jamaa ya alkoholi. Hata setili alkoholi, ile nta nyeupe inayofanya losheni kuwa nzito, imo katika ukoo huo. Hizi si pombe ya kulewesha, na suala la fiqhi nawaachia masheikh. Ninachosema ni kwamba maneno “bila alkoholi” yanatueleza kisichokuwemo chupani, lakini hayatuelezi kilichomo.

Hilo lina uzito kwa sababu DPG ina ndugu mbaya. Daiethilini glikoli, au DEG, hufanana nayo kwa macho: haina rangi, haina harufu, ni nzito na inachanganyika na maji. Hutumika viwandani, na ikiingia mwilini huharibu figo. Mwaka 1937 huko Marekani, kampuni moja iliitumia kuyeyusha dawa ya salfa ili iwe ya maji. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Serikali ilipotaka kuikamata dawa ile, kosa la kisheria lililopatikana lilikuwa la jina tu: iliitwa “Elixir”, neno ambalo kwa sheria lilimaanisha dawa yenye alkoholi, na hii haikuwa nayo. Watu walikufa kwa kiyeyushi, lakini sheria ilikuwa na meno kwa lebo pekee. Mwaka uliofuata sheria mpya ilipitishwa, ikahusu dawa na vipodozi pia.

Utasema, sisi hatunywi mafuta mazuri. Kweli, na ngozi nzima huipitisha DEG kidogo sana. Ngozi yenye jeraha ni habari nyingine: Uhispania mwaka 1985 wagonjwa watano wa moto walikufa baada ya kupakwa malhamu yenye DEG. Nao watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Ndiyo maana Ulaya hairuhusu DEG katika vipodozi zaidi ya asilimia 0.1, tena iwe ni uchafu uliobaki tu, si kitu cha kutiwa makusudi.

Sisemi kwamba mafuta ya mitaani kwetu yana sumu hiyo. Nasema kwamba kwa pua na jicho, si mimi wala muuzaji anayeweza kujua. Maabara ndiyo hujua. Kwa hivyo anayechanganya na kuuza anunue DPG ya daraja la vipodozi, si ya viwandani, na adai cheti cha uchambuzi cha shehena hiyo. Asihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Juu ya kila chupa aandike kiyeyushi alichotumia na tarehe aliyochanganya.

Nasi wateja tuulize. Kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma SM# ikifuatwa na nambari iliyo chini ya alama kwenda 20023 uhakikishe. Mafuta mapya yajaribu kwanza ndani ya mkono, ungoje siku mbili. Usipake penye kidonda, wala ngozi uliyotoka kuinyoa, na chupa ikae mbali na watoto.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Muuzaji aliye na mafuta mazuri kweli hatapoteza mteja kwa kuongeza mstari mmoja kwenye lebo.