Tiyo ndogo inayoweza kuua moteri ya gari la zamani

Magari ya zamani bado yanabeba watu na mizigo kwenye barabara za Kivu. Mengine, kama Mercedes W123 ya miaka ya 1970 na 1980, yana saa ya presha ya mafuta isiyotumia umeme: tiyo nyembamba inaleta mafuta yenyewe kutoka kwenye moteri hadi mbele ya dereva. Ikipasuka, mafuta ya moto yanamwagikia miguu yake, na moteri inaweza kubaki kavu na kukwama kabla ya kufika garaji.

Tiyo ya plastiki ni bei rahisi, lakini joto linaikausha mpaka inakuwa kama kijiti. Ya shaba inavumilia joto, ila mtikisiko unaichosha na kuipasua. Ndiyo maana fundi mzuri huizungusha mara mbili tatu karibu na moteri, icheze bila kuvunjika. Imara zaidi ni mpira wa mafuta uliofumwa kwa nyuzi za chuma, si ule wa maji ambao wengine huufunga kwa waya na kuomba Mungu.

Hata tiyo nzuri inakatwa na bati pale inapoingia ndani ya gari, kwa hiyo tundu lile lazima livalishwe mpira. Isiguse bomba la moshi pia. Asiyetaka mafuta ndani kabisa anunue saa ya umeme pamoja na kihisi chake. Hapo unaingia waya tu. Kazi ikiisha, moteri iwashwe, viungio vitazamwe kama vinavuja, ndipo abiria wapande.